Tui Lililoachwa Likatike

Enzi zetu siku haikuanza mpaka nazi iguse mbuzi. Krrr, krrr, krrr, upande huu wa ua, na nyuma ya ukuta wa makuti jirani naye anajibu, krrr, krrr. Ninyi wenzangu mliokulia Tanga mnajua ninachosema. Mtoto wa kike alikalishwa juu ya mbuzi kabla miguu yake haijagusa chini vizuri. Mimi nilikalishwa nina miaka sita. Nazi mkononi, sinia chini ya meno ya mbuzi, na Mama amekaa barazani anasuka ukili, mgongo amenipa. Hanitazami. Anasikiliza. Nikikuna mpaka ile ngozi ya kahawia ikaanza kuingia kwenye sinia, alijua kwa sauti tu. "Umefika kwenye kifuu," anasema, wala hajageuka. "Zungusha."

Baada ya hapo kifumbu cha kukamulia. Tui la kwanza zito linawekwa pembeni, la pili na la tatu linapikia. Tui zito huingia mwisho, na likishaingia huondoki jikoni hata nyumba iungue. Unateka kwa upawa, unamimina, unateka, unamimina, mpaka bega liwake moto, ili lisikatike. Likikatika, mafuta juu maji chini, umejiaibisha na umemwaibisha aliyekufundisha.

Langu lilikatika mara moja. Nilikuwa na miaka minane au tisa. Ilikuwa boga na kunde mbichi, na uduvi kidogo wa kuungia, na nje ya ua wenzangu walikuwa wanacheza rede. Nikasogea mlangoni nione nani katolewa. Nimegeuka, chungu kimeshaharibika. Mama alikuja, akachungulia, akauchukua ule upawa mkononi mwangu akanipiga nao vidoleni. Mara moja tu, lakini na moto wake. "Utampikia nani uchafu huu?" Nilikumbuka hilo swali miaka sitini, na miaka sitini tui langu halikukatika tena. Nimezaa, nimezika mume, nimepika hitima za mtaa mzima. Halikukatika.

Nayasema haya kwa sababu ya mambo yaliyonikuta huku Johannesburg, nikiwa mtu mzima wa kuitwa bibi.

Nilikuja mwaka 2016. Binti yangu Mwanaidi anashona madera, ana chumba cha kazi Doornfontein, na anakaa Randburg kwenye jengo refu, ghorofa ya tatu. Anatoka asubuhi anarudi jioni, na ana mtoto mmoja, Salha, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi. Kazaliwa huku. Kiswahili anakisikia chote, ila kukijibu ndiyo kazi. Ukimwambia jambo anakujibu kwa kuchanganya na Kiingereza, akikasirika anajibu Kizulu. Siku ya kwanza aliniambia, "Hi, Gogo," ndiyo bibi kwa Kizulu, akarudi kwenye simu yake. Hakuna shikamoo, hakuna mkono. Nikamwambia mama yake palepale: siondoki nchi hii mpaka mtoto huyu ajue kuamkia na ajue kupika chungu cha nazi. Nilimaanisha. Nilibeba mbuzi yangu kutoka Tanga ndani ya begi, nimeifunga kanga mbili, na askari wa mpakani aliigeuzageuza akaniuliza ni silaha ya namna gani. Nikamwambia, kalia utaona.

Salha hakuikalia. "Eish, Gogo, hiyo kitu ina meno," alisema. Na kwa nini akune, wakati tui lipo dukani kwenye kopo? Nikamfokea. Kesho nikamfokea tena. Mimi nilifunzwa hivyo, na shule yangu ni darasa la nne na chuo cha Kurani, njia nyingine siijui. Mwaka mzima ukapita, mtoto akisikia kandambili zangu anahamia chumba kingine. Niliona. Moyoni liliniuma, mdomoni nikazidi kufoka.

Sasa siku moja, ya Jumatatu mchana, natoka na ndoo ya taka, nikasikia harufu kwenye korido. Majirani wengine walikuwa wameshaanza kulalamika, mmoja akafungua mlango akaziba pua. Mimi nilisimama. Ulikuwa ni uduvi. Uduvi unaungua kidogo kwenye mafuta na kitunguu saumu, Randburg, mahali ambapo bahari ukiitaka ni safari ya siku nzima. Nilisimama na ndoo yangu ya taka kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Harufu ilitoka mlango wa pili mkabala na wetu. Pale walikuwa wamehamia wanawake watatu, wapishi wa hoteli moja ya vyakula vya kwao hukohuko Randburg. Tesi wa Ufilipino, Nok wa Thailand, na Lan wa Vietnam. Jumatatu ndiyo siku yao ya kupumzika, na wapishi wakipumzika, kumbe wanapika. Sisi tulikuwa tunawaita Wachina, wote watatu, na tulikuwa tumeshakubaliana kwamba wanakula vyura. Nani aliona chura? Hakuna.

Jioni ile mlango ukagongwa. Ni Tesi, mwanamke wa makamo, mfupi, mchangamfu, na sahani ya bluu imefunikwa sahani nyingine. Akanitazama usoni, akauchukua mkono wangu wa kulia, akainama, akauweka kwenye paji la uso wake. Hakuubusu. Aliugusisha tu, akaurudisha taratibu. Mwaka mzima katika mji huu hakuna aliyenipa heshima ya namna ile, sembuse damu yangu mwenyewe. Salha akamuuliza kwa Kiingereza, akanigeuzia: "Anasema kwao mkubwa anasalimiwa hivyo, Gogo. Ukifanya hivyo unaomba baraka."

"Umesikia?" nikamwambia.

"Nimesikia, Gogo."

"Muulize kama humu mna nguruwe."

Hamkuwa na nguruwe. Kwenye sahani palikuwa na boga na kunde mbichi, vimepikwa kwa tui, na uduvi. Niliketi. Nilikula ile sahani yote peke yangu, nikamwachia Salha vijiko viwili kwa kuona haya. Ladha haikuwa sawasawa na ya kwetu, wao wana namna yao ya kuuchachusha uduvi, lakini ukifumba macho ni ileile. Mtu wa upande ule wa dunia, ambaye babu yangu na babu yake hawakujuana, kanipikia chakula cha siku niliyopigwa upawa.

Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo hatukufundishana, tulizaliwa nalo. Kesho yake nikachoma vitumbua, nikaijaza, nikampa Salha apeleke. Alirudi anakimbia, macho yamemtoka. "Gogo, wana hiyo frampeni. Ile ya mashimo. Nok anayo." Sikuamini mpaka nilipoitwa. Kweli Nok, mrefu, mkimya, ana chuma cha vitumbua kama changu, chenye vishimo. Anatia unga wa mchele na tui, chini panakauka, juu panabaki laini kama maziwa, na anarashia majani ya kitunguu. Majani ya kitunguu kwenye kitumbua. Nilimtazama kwa ukali, kisha nikala saba. Na Lan, mdogo wao, akasema, Salha akitafsiri, na kwao vipo, wanatia kamba juu na bizari mpaka vinakuwa vya manjano. Basi tukawa wanawake wanne tumezunguka jiko, kila mmoja anaamini vya kwao ndivyo vyenyewe.

Ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Mchaichai, ambao kwetu ulioteshwa karibu na bomba kwa ajili ya chai tu, wao wanauponda na pilipili kwenye kinu cha jiwe, na Nok alisema kwao mama mkwe hukaa chumbani anasikiliza kinu kinavyolia, akishasikia ameshajua ni mkwe wa namna gani. Nikamwona Mama barazani na ukili wake. Lan aliweka kibakuli cha wali mbele ya picha ya marehemu baba yake, na kijiti cha udi, kabla hajajipakulia. Mimi Mwislamu, hayo siyo ya kwangu na nilimwambia. Lakini Mama naye Alhamisi alikuwa hali mpaka sahani ya sadaka ya marehemu imetoka kwenda kwa jirani, kwa hiyo maneno yangu yalikuwa machache. Na waliponialika kula waliniletea sufuria mpya, bado ina karatasi ya dukani, na kuku wa kuchinjwa kihalali aliyetoka Fordsburg. Sufuria ile ikawekwa juu ya kabati, haiguswi na nyama yao. Hakuna aliyewaomba.

Ila kuna jambo lilinichoma. Kila Jumatatu Salha akitoka shule alikuwa anapitiliza kwao. Viatu anavua mlangoni, bila kuambiwa. Nilikuwa nawasikia ng'ambo ya korido wanacheka. Mtoto wangu hucheka vile? Nyumbani kwangu hacheki. Wale hawakumfokea. Nok alikuwa anamshika mkono, anamwonyesha, anamwachia. Basi.

Jumatatu moja mwaka 2017, saa kumi alasiri, nikaona nimfuate. Mlango ulikuwa wazi. Tesi na Lan wako sebuleni wanachambua majani, Nok yuko pembeni anaponda kwenye kinu, mgongo amelipa jiko. Salha kasimama mbele ya sufuria, upawa mkononi, anatazama. Na ndani ya sufuria tui linachemka, zito, limeanza kugawanyika. Naona mafuta yanapanda juu kama macho. Naona linakatika, na mtoto anatazama tu.

Sikufikiri. Nilimpiga Salha kibao cha mkononi, nikamnyang'anya upawa, nikaona bakuli la tui jepesi pale, nikalimimina lote, nikaanza kuteka na kumimina, kuteka na kumimina. "Mtoto mzembe wewe, chungu kinaharibika unakitazama? Utampikia nani uchafu huu?"

Maneno yalitoka na sauti isiyo yangu. Lakini tui nililiokoa. Likarudi kuwa jeupe, laini, limeungana vizuri.

Salha kashika mkono wake kifuani. "Nok alitaka ikatike, Gogo," akasema, kwa Kiswahili kitupu, polepole, machozi yanashuka. "Kwao ndiyo wanaanza hivyo. Inatoka mafuta, halafu unakaanga hiyo pilipili. Nilingoja nusu saa. Ilikuwa ya kwako."

Ndipo nikatazama chini. Pembeni ya jiko, juu ya gazeti, ilikuwepo mbuzi yangu. Ile ya kutoka Tanga. Alikuwa ameichukua chini ya kitanda changu nikiwa naswali. Nazi tatu alikuwa amekuna, mtoto wa miaka kumi na moja ambaye hajawahi kukuna hata nusu, na zilikuwa nyeupe, hazina ngozi hata chembe. Kidole gumba kimefungwa plasta. Na sufuria ni ile ya juu ya kabati, ya kwangu.

Salha akavaa viatu akatoka.

Nok hakukasirika. Alikunja viganja pamoja kifuani, akainamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Nilitamani anitukane. Nilibeba mbuzi yangu nikarudi nyumbani, na nazi za huku mnazijua, ngumu, kavu, zimesafiri hata hazijui zimetoka wapi, tatu hazitoi tui la nazi moja ya kwetu. Mtoto kazikuna zote, mimi nikazimwagia maji.

Wiki tatu hakunisemesha. Hata Kiingereza. Mwanaidi alijaribu: "Mama, ungemwambia tu samahani." Enzi zetu mkubwa hakumwambia mdogo samahani, alimpakulia kipande kikubwa, mdogo akaelewa. Nikampakulia vipande vikubwa. Vikabaki kwenye sahani. Nikaona kwamba nimekuja kumfunza mtoto, na huenda nitarudi Tanga nimemfunza kuniogopa tu.

Nikavuka korido, Jumatatu, peke yangu, bila mkalimani. Nikamwonyesha Nok sufuria, nikamwonyesha mkono wangu, nikafanya ishara: nifundishe. Alicheka kidogo akaziba mdomo. Akaweka tui zito motoni. Likaanza kuchemka, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye upawa. Nok akaushika. Akaushusha. Likaanza kuvimba, kutoa mapovu makubwa, mkono ukaenda tena. Akaushika tena, safari hii hakuuachia. Tukasimama hivyo, mimi mwenye miaka sitini na saba nimeshikwa mkono kama mtoto, natazama tui linakatika mbele ya macho yangu na hakuna anayenipiga. Mafuta yakapanda, yana harufu ya nazi iliyochomwa. Nok akatia pilipili aliyoiponda. Tss. Harufu iliyotoka siwezi kuiandika. Mchaichai, uduvi, ndimu, tangawizi ya kwao ile yenye ukali wa dawa, vyote vimekaangwa ndani ya kosa langu la utotoni.

Nilitia kwenye sahani yao ya bluu, nikaipeleka nyumbani, nikaiweka mbele ya Salha. "Tui nimelikata mwenyewe," nikamwambia.

Alitazama yale mafuta juu. Alitazama vidole vyangu. "Kweli, Gogo?"

"Kula kabla hakijapoa. Na simu weka kando, chakula hakitaki picha."

Akakipiga picha kwanza. Kisha akala. Sikusema kitu, na hiyo kwangu ilikuwa kazi kuliko kukuna nazi mia.

Miaka hiyo miwili ilikuwa mizuri. Mwisho wa 2018 ile hoteli ilifungwa na wale watatu wakatawanyika. Nok alirudi kwa mama yake, Tesi akaenda Dubai, Lan akapata kazi Cape Town. Siku ya kuondoka Tesi aliuchukua tena mkono wangu, na nyuma yake wakapanga foleni, Nok naye, Lan naye, na wa mwisho ni Salha, ambaye hakuwa anasafiri kwenda popote. Wakasahau sahani yao ya bluu kwangu, au waliiacha makusudi, sijui.

Mwaka huu, ile miezi umeme ulipokuwa unakatwa kwa zamu, Jumamosi moja ukakatika mchana. Salha alikuwa ameamua kupika boga mwenyewe. Mashine ya kusagia nazi haizunguki. Nikamwona anaingia chumbani kwangu, anatoka na mbuzi, anaketi. Mimi nikakaa kwenye kochi na tasbihi, mgongo nimempa. Krrr, krrr, krrr. Randburg, ghorofa ya tatu. Nikasikia anafika kwenye kifuu. Kabla sijafungua mdomo, akazungusha.

Alipika kwenye jiko dogo la gesi. Halafu nikasikia kimya ambacho nakijua. Nikanyanyuka. Kweli, simu ilimzubaisha, rafiki yake kamtumia kitu cha kuchekesha, na chungu kimegawanyika, mafuta juu maji chini. Hapa si mapishi ya Nok, hili ni boga la kwetu, na hapa ni kosa. Salha ameganda, mabega ameyapandisha mpaka masikioni, anasubiri. Ana miaka kumi na tatu sasa, na mabega yale yalikuwa yangu.

Upawa ulikuwa karibu yangu. Nikausukuma upande wake.

"Tia pilipili na saumu," nikamwambia, "kabla hayo mafuta hayajaungua. Kazi ishaanza."

Alinitazama, kisha akacheka. Kile kicheko cha ng'ambo ya korido. Tukala boga lenye mafuta juu, kali, si la Tanga na si la kwao, na lilikuwa tamu, wallahi.

Enzi zetu tulikuwa na adabu, na hilo silirudishi nyuma. Tuliamkia, tulikuna, tuliokota tulichoangusha. Watoto wa leo wanapika huku wanaangalia kioo cha simu, wanaita watu wazima kwa jina, na tui wanalijua kwa rangi ya kopo. Lakini tulikuwa na vidole vinavyouma pia, na hakuna aliyetushika mkono akatuambia ngoja, acha, tuone litakuwaje. Ilinibidi nivuke nchi ngapi na nikutane na wanawake watatu wa mbali kiasi gani ndipo nishikwe mkono. Mama yangu angewapenda. Angewasikiliza kinu chao, mgongo amewapa, na asingesema neno, na hiyo kwa Mama ilikuwa sifa.

Siku ile Salha alijaza boga lililobaki kwenye sahani ya bluu akampelekea mpangaji mpya wa mlango ule, binti wa ofisini ambaye chakula chake huletwa na pikipiki. Binti akapokea, akashukuru kwa Kiingereza kizuri. Kesho yake alasiri mlango ukagongwa, Salha akafungua. Akarudi jikoni ameishika sahani, imeoshwa inang'aa, anaigeuza juu na chini kama anatafuta kilichoanguka.

"Gogo," akaniambia, na uso wake umekunjamana kama wa Mama, "ameirudisha tupu."